Léoncie Anakanda Jumanne na Ijumaa

Jumanne, tarehe 3 Juni 1975

Asubuhi ukungu. Ziwa halionekani, mlima hauonekani, hata nyumba ya Julienne ng'ambo ya njia ni kivuli tu. Baridi ya kiangazi. Mabanga nzima, mtaa wetu hapa Goma, imejifunga mablanketi mabegani. Mimi peke yangu natoka jasho.

Tangu Novemba sijaona mwezi wangu. Mwanzoni nilidhani — wiki mbili nzima nilidhani — kwamba ni mtoto. Na miaka yangu arobaini na saba! Halafu moto ukaanza. Unatokea mgongoni, kati ya mabega, unapanda shingoni kama maziwa yanayotaka kumwagika, unafika kwenye mizizi ya nywele. Kisha baridi. Usiku nageuza mto upande huu na upande ule mpaka pande zote mbili zimelowa. Ofisini jasho lilidondokea karatasi, ikabidi nipige upya kwa mashine ukurasa mzima wa hesabu ya magunia ya kahawa. Shefu akasema, kwa jina langu la kazini: Sitwayeni Nshobole, hiyo ni palu. Mwuguzi naye akasema ni palu, malaria. Nimemeza kinini mpaka masikio yanaimba. Sista mzee wa parokia ndiye pekee aliyelitaja jambo kwa jina lake, kwa Kifaransa, akiangalia pembeni: retour d'âge, mwisho wa hedhi. Akaniambia nimtolee Mungu.

Nimemtolea. Naona hakuchukua.

Mume wangu Constant hajui kitu. Yuko Bunagana, karani wa forodha, atarudi Jumamosi tarehe 21. Tuna wasichana wawili, wote wameolewa. Ndugu yake, Cirimwami, kila Pasaka humwambia kwamba mwanaume asiye na mtoto wa kiume atafute kwingine kabla hajazeeka. Constant huwa anacheka. Mwaka huu hakucheka. Aliangalia sahani yake. Ndiyo sababu sijasema.

Basi leo nimemwita Léoncie. Ni mjane wa Masisi, mikono mipana, ndiye aliyemkanda binti yangu Marie-Claire alipozaa mwaka jana. Saa kumi alifika na kopo lake la mafuta ya ng'ombe na majani yake ndani ya kitambaa. Akaangalia kitanda, akaangalia chini ya kitanda.

— Mutoto iko wapi?

— Haiko.

— Mimba?

— Haiko pia.

— Sasa minakanda nini?

Nikamweleza. Alikaa kwenye kiti akinisikiliza, kopo magotini. Akasema yeye anajua tumbo la mzazi: kurudisha kiuno, kuita maziwa, kugeuza mtoto aliyekaa vibaya. Hii yangu hajui. Tujaribu. Akafanya kama anavyofanya kwa wazazi — maji yanayochemka, kitambaa kizito, mgongo mzima. Ee Mama Maria. Moto juu ya moto. Niliruka, nikakimbilia mlango wa nyuma na kitenge mkononi, nikasimama pale nikihema kama mbuzi wa sokoni.

— Pole, mama. Nimekupika.

Tulicheka mpaka akalazimika kuketi. Nimemwambia arudi Ijumaa. Sijui kwa nini.


Ijumaa, tarehe 6 Juni

Asubuhi wazi, upepo mdogo kutoka ziwani. Vumbi jeusi kwenye madirisha.

Leo maji ya vuguvugu tu. Léoncie alikuwa amefikiri. Alisema, mgongo una hasira, tutaanza mbali nao. Akaanza na miguu.

Sijaguswa miguu tangu nilipokuwa mtoto. Aliishika kama mtu anayeshika samaki wawili asiotaka watoroke. Kidole gumba chini ya wayo, polepole, kutoka kisigino hadi pale vidole vinapoanza. Kisha vigimbi vya miguu. Kisha mikono, kila kidole peke yake, na vidole vyangu vya kupiga mashine vilikuwa vigumu kama vijiti — alivivuta kimoja kimoja, vikalia. Mwisho ndiyo akapanda mgongoni, mafuta kidogo sana, akateremka nayo pande mbili za uti, na kupanda tena. Tumbo hakuligusa.

Harufu ya mafuta ya ng'ombe. Moshi, majani, kitu cha kale. Chumba kilianza kwenda. Nilijua niko kwenye mkeka wangu, Mabanga, nyumba ya mbao namba nne, na wakati huohuo nilikuwa kwenye mtumbwi bila kasia, na vilima vya Masisi vilikuwa vinatembea kando yangu taratibu, vimebeba ng'ombe wao migongoni kama akina mama wanavyobeba watoto.

Moto ulikuja nikiwa hukohuko. Nilikaza mwili. Léoncie hakutoa mkono. Aliuacha umelala tu kwenye shingo, pale nywele zinapoanza.

— Iache ipite. Sikia. Njo inapita sasa.

Na ukapita. Kama lori linalopita barabarani — nyumba inatetemeka, sahani zinagongana, halafu unalisikia liko mbali.

Kabla ya kuondoka aliuliza jina langu la ubatizo. Nikashtuka kidogo, maana majina hayo serikali imeyakataza, na ofisini ni Nshobole tu miaka mitatu sasa. Mtaani ni Mama Marie-Claire. Nikamwambia kwa sauti ya chini: Philomène. Akalirudia akifunga kopo. Philomène. Ni kama alinirudishia kanzu niliyoisahau kwa mtu.

Nililala saa tano usiku. Si saa nane. Saa tano.


Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mawingu mepesi. Salongo, kazi ya lazima ya mtaa, kama kila Jumamosi: mtaa mzima barabarani na majembe na vikapu, tunaondoa mawe ya volkano.

Nimeinama kushika kikapu changu, Julienne akaninyang'anya. Mwanamke yule huniomba kila kitu tangu awe jirani yangu — chumvi, kibiriti, habari — hajawahi kunibebea hata ufagio. Akasema, wewe pumzika, Mama Marie-Claire. Akaniletea kiti. Kiti, kwenye Salongo! Mtu wa chama aliyekuwa akihesabu watu aliniangalia, akaangalia kiti, akatabasamu na kuandika kitu kingine.

Nilikaa. Jua lilikuwa tamu. Sikuelewa.


Jumanne, tarehe 10 Juni

Ukungu tena, mzito. Sauti za watu zinatangulia, watu wanafuata.

Sasa nimeelewa.

Jumapili kanisani walinisogezea nafasi mwisho wa benchi, karibu na mlango, penye hewa. Baada ya misa Mama wa Legio ya Maria alinishika mikono miwili, akasema Mungu hamsahau mtu, tazama Elizabeti, mama yake Yohana, na sikukuu ya Yohana ni mwezi huu huu. Niliitika. Nilidhani anazungumzia sikukuu. Nikafika nusu ya njia, nikakumbuka Elizabeti alizaa uzeeni, nikasimama katikati ya barabara.

Julienne alinikuta pale. Nikamuuliza nini kinasemwa. Akacheka.

— Mama Léoncie haingiake nyumba ya mutu bure. Mara mbili kwa wiki! Sisi tuko na pua, mama. Harufu ya ile mafuta inapita kwa ubao.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Palikuwa na wanawake watatu nyuma yake na kila mmoja alikuwa na uso mzuri, uso laini, kama watu wanaoangalia mkate ukitoka kwenye tanuri. Moto ukanipanda hapohapo. Jasho usoni. Julienne akasema, ona, anaona haya kama musichana.

Nikafunga mdomo.

Leo nimemsimulia Léoncie. Alicheka akiwa na miguu yangu mikononi, mpaka miguu nayo ikacheka. Halafu akaendelea kukanda. Aliponifikia mabegani alisema tu: sema ukweli kabla hawajaanza kuleta vitu.

Nilikuwa nimeshaanza kwenda zangu. Safari hii palikuwa na maji chini ya nyumba, maji mengi, safi, na nilisikia mtu anafulia humo nguo ndogo.


Ijumaa, tarehe 13 Juni

Asubuhi angavu sana. Mlima wote wazi mpaka mdomoni, moshi umesimama wima.

Wameanza kuleta vitu. Mkungu wa ndizi. Unga wa mtama kwa ajili ya uji. Asubuhi nikiamka mitungi yangu imeshajazwa maji kwenye bomba na sijui nani amejaza.

Nitaandika ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna mtu: ni vizuri. Ni vizuri sana. Miezi saba nilikuwa mwanamke anayetoka jasho bila sababu, na sasa nina sababu, na watu wanaipenda. Napita njiani taratibu. Nashika kiuno. Jana nilijikuta ofisini mkono uko tumboni, na mashine imesimama katikati ya neno.

Niliota mtoto yuko kwenye ukingo wa ziwa, ana miaka kama minne, amenipa mgongo, anapanga mawe meusi. Nilitaka kumwita nikakumbuka sijampa jina. Nikakaa tu kumwangalia. Hakugeuka. Haikuwa ndoto ya huzuni.

Léoncie alikuja leo. Alikanda vizuri lakini mikono yake haikuwa na maneno. Moto ulikuja mara moja tu. Nililala saa nne.


Jumatatu, tarehe 16 Juni

Upepo wa vumbi. Midomo imekauka.

Florent, dereva anayetubebea mizigo na habari, amepita na lori lake kutoka Bunagana. Alipiga honi mbele ya nyumba, wanawake wote wakatoka, kisha akashuka na kifurushi akakibeba kwa mikono miwili kama padri anavyobeba kitabu.

Ni blanketi. Dogo, la manjano, limeshonwa utepe pembeni. La Uganda. Sijui Constant alilipataje, maana Florent mwenyewe anasema kule siku hizi hata sabuni hakuna.

Ujumbe wa Constant, kwa mdomo wa Florent, mbele ya mtaa mzima: usibebe maji. Usipande ngazi. Jumamosi nitakuwa nyumbani. Na mama nimemwambia, amefurahi mpaka amelia, atapanda meli Bukavu na Jumapili asubuhi atakuwa Goma.

— Na muzee mwenyewe vipi? Julienne akauliza.

— Muzee? Florent akacheka. Muzee anaimbaka. Tangu niko naendesha ile barabara sijamusikiaka anaimba. Na ule ndugu yake Cirimwami alifika na maneno yake, akamurudisha kwa njia. Akamuambia: hauone?

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Niliingia ndani, nikaliweka blanketi juu ya kiti, nikaliondoa juu ya kiti, nikaliweka kabatini. Linanukia duka.

Anaimba.


Jumanne, tarehe 17 Juni

Mawingu. Hakuna upepo.

Léoncie alikuja bila kopo.

Nilikuwa nimeshatandika mkeka. Alibaki amesimama mlangoni. Nikamwambia karibu, maji tayari. Akasema hakuja kukanda, alikuja kusema. Nikamwambia basi aketi aseme. Hakuketi.

— Philomène. Ile mutoto itazaliwa lini?

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

— Nakuuliza. Batu baniuliza kwa soko ya Birere. Banahesabu. Banasema mwezi wa nane, banasema mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa itafika. Mutoto haitatoka. Sasa batasema nini? Batasema Philomène hakukuwa na mimba?

Nikaunyoosha mkeka.

— Batasema kulikuwa mutoto, na Léoncie akaikanda mpaka ikakufa.

Aliniambia kuna mwanamke mwingine, zamani, kule kwao, mkandaji kama yeye. Mimba moja ilitoka. Haikuwa kosa la mikono yake. Watu walichoma nyumba. Yule mama alivuka milima na watoto wake na hakuna aliyejua aliishia wapi. Léoncie alisimulia bila kupandisha sauti, akiangalia mkeka. Kisha akasema hatarudi mpaka nimemwambia bwana yangu. Si Julienne, si padri. Bwana. Yakitoka kwake, watu wataamini.

— Mikono yangu njo shamba yangu, mama. Siko na ingine.

Akaondoka. Maji yalipoa kwenye beseni. Nilijikanda mwenyewe miguu kidogo, lakini mtu hawezi kwenda popote akiwa ndiye mtumbwi na ndiye kasia.

Sikuwahi kumfikiria yeye. Wiki mbili nimelala chini ya mikono yake na sikuwahi kumfikiria.


Alhamisi, tarehe 19 Juni

Sikuangalia hali ya hewa.

Nimejaribu kwanza kwa Julienne, ili nijizoeze. Nilivuka njia, nikamkuta anachambua maharage, nikasema kwa lugha iliyonyooka: Mama, mimi sina mimba. Nimeacha kwenda mwezini, basi. Léoncie ananikanda kwa ajili ya joto na usingizi.

Aliacha maharage. Akainuka, akaangalia njiani kulia na kushoto, akafunga mlango. Akanong'ona:

— Unafanya vizuri. Fichaka. Macho ya batu ni mabaya. Mimi nikiwa na mimba ya kitinda mimba nilisema ni minyoo mpaka siku ya kuzaa.

Nikasema hapana, Julienne, ni kweli. Akanipapasa mkono. Ndiyo, ndiyo, ni kweli, ni minyoo. Akanipa maharage.

Ningefanyaje? Nimezaa mara mbili, nami mara zote mbili nilikana mpaka kanzu ikakataa. Mama yangu alinifundisha hivyo na mimi nikamfundisha Marie-Claire. Hakuna mwanamke hapa anayesema ndiyo. Anayekataa sana ndiye mwenye mimba ya karibu.

Moto leo mara sita, labda zaidi. Niliangalia alfajiri ikija.


Jumamosi, tarehe 21 Juni

Asubuhi baridi, anga nyeupe. Nimeomba ruhusa Salongo. Wakanipa kabla sijamaliza kuomba.

Nimepika sombe, majani ya muhogo, na samaki. Nimefua shuka. Nimeliweka blanketi la manjano mezani, wazi, ili lisinishtue. Lori la Florent hufika saa nane au saa tisa, kutegemea vizuizi.

Nimejaribu maneno. Ukiyasema ukiwa peke yako, ni mafupi tu.

Nasikia honi.


Jumapili, tarehe 22 Juni

Asubuhi ukungu, lakini mwembamba; jua liko nyuma yake kama taa nyuma ya pazia. Sitaenda misa ya kwanza. Naandika haraka.

Jana Constant alishuka garini amejaa vumbi mpaka kope zilikuwa kijivu. Mtaa ulikuwa nje. Alinisalimu kwa kichwa tu, kama tunavyosalimiana mbele ya watu, lakini mkono wake ulinigusa kiwiko ukabaki hapo. Tukaingia. Alikula. Nilimwacha ale. Alikuwa anaangalia blanketi, anaangalia sahani, anaangalia blanketi.

Nikasema: Papa Marie-Claire, hakuna mtoto.

Akaendelea kutafuna. Akasema kwa upole:

— Sawa. Hakuna. Ni vizuri kusema hivyo.

— Hapana. Sifichi. Hakuna, na hatakuwepo mwingine. Nimemaliza.

— Nimesikia, Mama Marie-Claire. Hakuna. Akatabasamu.

Nilitaka kulia kwa hasira. Mtu anasema ukweli nyumbani kwake na ukweli unageuzwa shuka la kufunikia kitu kingine! Na wakati huohuo moto ukaja. Mgongoni, kati ya mabega. Nikauacha. Sikushika kitambaa, sikwenda dirishani. Nilizunguka meza, nikachukua mkono wake — ulikuwa na samaki bado — nikauweka shingoni mwangu, pale nywele zinapoanza. Nikaushikilia.

Ukapanda. Nilijua anausikia, maana vidole vilishtuka. Jasho likaanza, likapita kati ya vidole vyake. Nilihesabu pumzi, kama Léoncie alivyonizoesha. Ukafika juu. Ukakaa. Ukateremka. Baridi ikaja na ngozi ikasimama chini ya kiganja chake.

— Ni palu?

— Hapana.

— Tangu lini?

— Tangu Novemba. Kila siku. Usiku pia.

Hapo ndipo tabasamu lilipoondoka. Halikuondoka mara moja. Lilibaki mdomoni peke yake kwa muda, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba wenyeji wamekwenda kulala.

Akaondoa mkono. Akaupangusa taratibu. Akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

— Na yule mama wa Masisi anakuja kufanya nini basi? Anakanda nini, kama hakuna mutoto?

— Mimi.

— Nini?

— Ananikanda mimi.

Alitoka. Kupitia dirisha nilimwona amekaa kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, amenipa mgongo, anaokota vijiwe vyeusi na kuvipanga juu ya ukuta kimoja kimoja. Nikasimama pale na sahani chafu mikononi. Niliwahi kuuona mgongo huo. Nilikaa kuuangalia na sikumwita.

Aliporudi jua lilikuwa limeshakwenda. Sikuuliza kuhusu Cirimwami. Sikuuliza kuhusu Bunagana, wala kama ataendelea kuimba. Niliongea juu ya Léoncie tu. Nilimwambia watu watasema nini mwezi wa tisa, nikamwambia habari ya nyumba iliyochomwa. Nilisema: wakisikia kwangu hawaamini, wakisikia kwako wataamini. Mama yako kwanza. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akabeba beseni la maji ya kunawia miguu, nikadhani ni kwa ajili ya miguu yake, na akaliweka mbele ya kiti changu, si chake. Maji yalikuwa baridi mno. Hajui. Akakaa kitandani na viatu vyake vyote, akalala hivyo hivyo, amevaa, kama mtu anayesubiri gari.

Nikatia miguu kwenye maji baridi. Nikaiacha humo.

Leo asubuhi ameondoka kwenda bandarini kumpokea mama yake. Hakusema atamwambia nini. Amechukua blanketi. Amelikunja vizuri, mara nne, akaliweka chini ya kwapa, na mimi sikuuliza — labda kwa sababu kwenye meli kuna baridi na bibi ni mzee, labda kwa sababu nyingine.

Julienne amepita na kitenge kipya, anakwenda kuwapokea pia, na wanawake wawili nyuma yake. Amenipungia mkono.

Na Léoncie yuko hapa. Amekaa kizingitini tangu kupambazuka, kopo lake magotini, na leo si Jumanne wala Ijumaa. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema amekuja kusikia kama leo bado ni mkandaji ao amekuwa mulozi, yaani mchawi. Nimempa chai. Anainywa kwa kelele. Hakuna hata mmoja wetu anayeangalia njia.

Honi ya meli. Moja, ndefu. Ziwa bado halionekani.

Nisisahau kuandika: jana usiku nililala saa tatu.